Maji Yakijaa Nyamisati

Ukimuuliza mtu wa Nyamisati mtaondoka saa ngapi, naye atakuuliza mwezi una siku ngapi. Si jeuri. Ndani ya delta ya Rufiji saa ya mkononi haina kazi mpaka ijulikane maji yamesimamaje. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda mbali, kisha huondoka kwa kasi. Katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Na kila kukicha maji hujaa kwa kuchelewa, karibu dakika 50 kuliko jana. Sisi tulikwenda mwezi ukiwa na siku kumi na moja. Siku hiyo aliichagua mzee aliyetuongoza, kwa simu, bila kufungua kitabu chochote. "Maji yatajaa adhuhuri," alisema. "Mtaingia nayo, mtatoka nayo. Mkija bamvuani mtanisumbua."

Kwa hiyo safari yetu ya nusu siku ilikuwa na urefu wa maji mamoja: kujaa kwake, na mwanzo wa kupwa kwake.

Njia ya kufika haina mengi. Unatoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, Mbagala, Mkuranga, mpaka Bungu katika Wilaya ya Kibiti, hapo unakata kushoto kuelekea pwani. Wengi wanaofika Nyamisati wana haraka ya kuvuka kwenda Mafia. Wanakunywa chai gatini, wanapakia magunia, wanaondoka, na msitu wa mikoko ulio upande wa pili wanauona kama ukuta tu. Nami niliwahi kupita hivyo hivyo.

Safari hii nilikuwa na mwenzangu mmoja, mpenzi wa kupiga makasia, ambaye jioni zake huishia baharini Msasani. Alikuja na kayaki mbili za plastiki, moja ya njano na moja ya machungwa, zimefungwa kamba juu ya gari. Tulipozishusha watoto walijaa. Mzee alizizunguka taratibu, akaigonga moja kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akachungulia tundu la kukalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa chombo hiki mzigo unakaa wapi?"

Mwenzangu akamwonyesha kijisanduku cha nyuma, kinachotosha chupa mbili za maji na taulo. Mzee akaguna kwa adabu. Yeye alikuwa na mtumbwi wa mwembe, mweusi kwa uzee, umezibwa viraka viwili vya bati, na ndani yake mlikuwa na pondo, kafi, upo wa kufulia maji, wavu uliokunjwa na bakuli lenye mfuniko. Tulivaa majaketi okozi. Yeye alivaa kofia.

Tukaingia majini mnamo saa moja na nusu asubuhi, maji yakiwa yameanza kupanda, bado na rangi ya chai ya maziwa. Katika dakika za mwanzo tulimpita mzee, maana kasia la pande mbili lina mwendo mzuri, na kayaki ni nyepesi. Kisha tukaingia kwenye kihori chembamba, matawi yakakutana juu ya vichwa vyetu, na kasia refu likawa balaa: kila nikilizungusha linagonga mzizi kushoto au tawi kulia. Mzee alikuwa amesimama tezini, anachoma pondo matopeni bila kutoa sauti, na alitupita pale pale bila kusema neno. Tangu hapo hatukumpita tena.

Mto Rufiji unakusanya maji ya Kilombero na Luwegu, ukaongezewa ya Ruaha Mkuu, na kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala wa Mafia hupasuka mikono mingi. Kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, mkubwa kuliko wowote wa aina yake ulioshikana pamoja katika Afrika Mashariki. Kwenye ramani huonekana kama kitu kimoja chenye rangi moja. Ukiwa ndani, umekaa chini kabisa, kiuno chako kikiwa sawa na uso wa maji, unagundua kuwa ni mtaa wenye majirani wasiofanana.

Mzee alitusomea mtaa huo mti kwa mti. Upande wa bahari hutangulia mlilana, ambao hauogopi mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, umejitanua kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na matunda yake marefu ya kijani yakining'inia yakiwa yamekwisha kuota mtini. Likidondoka wakati maji yamekupwa, huchoma tope na kuanza maisha hapo hapo. Likidondoka maji yakiwa yamejaa, huelea likatafute kwao pengine. Kisha mkandaa, ambao gome lake wavuvi wa zamani walilichemsha kutia nyavu rangi zisioze upesi. Kisha mkomafi wenye matunda mazito ya mviringo. Na kule ndani zaidi, yanakofika maji ya mto, msikundazi.

Mchu uko karibu kila mahali. Mizizi yake huchomoza wima kutoka matopeni, maelfu, kila mmoja una urefu wa kiganja, ikivuta hewa ambayo tope halina. Mzee alivuta tawi moja akanipa jani. "Lamba chini yake." Nikalamba. Chumvi tupu, chembe zake zinahisika ulimini. Mti huo hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi kupitia majani. Nimesoma habari hiyo tangu shule na nimeisahau mara nyingi. Sasa sidhani kama nitaisahau.

Hapa pana jambo ambalo watu wa mjini tunalijua kwa nyuma yake. Vyumba vya nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari haivuki zaidi ya hapo. Boriti hizo nyingi zilitoka katika misitu ya namna hii. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakisubiri kusi yarudi, yakiwa na tende na samaki wa chumvi yakija, na boriti za Rufiji yakirudi. Jangwani kusikokuwa na mti wa kuezekea, nyumba zilifunikwa kwa miti iliyokatwa katika matope haya. Mzee anakumbuka majahazi ya mwisho mwisho. Alikuwa mtoto, kazi yake kuhesabu boriti kwa korija, na anasema manahodha walikuwa wakarimu kwa tende na wabahili kwa hesabu.

Kwenye kona moja tulimkuta kijana amezama matopeni mpaka magotini, ubavu ameuegemeza kwenye mizizi, mkono wake wote umepotelea shimoni. Alikuwa na kijiti chenye ndoano ya chuma. Mzee akatuashiria tusimame. Kijana alikuwa akisukuma kijiti taratibu, anasikiliza kwa vidole. Kisha akavuta kidogo, akasubiri, akavuta tena, na shimoni akatoka kaa wa kijani kibichi, mpana kuliko kiganja changu, magando yake yamefunguka kwa hasira. Kwa mguu alimkandamiza mgongoni, kwa mkono akakunja gando la kwanza, la pili, akazungusha ukamba wa ukindu mara mbili na kufunga. Yote hayakuchukua muda wa kuhesabu ishirini. Kaa akatupwa kapuni juu ya wenzake, akiwa mzima, na mzima ndivyo anavyotakiwa, kwa sababu atapimwa kwa kilo, atapelekwa Dar es Salaam, na huenda akapanda ndege kwenda China. Kaa aliyekufa hana bei.

"Akikukamata kidole?" nikauliza.

"Unamwachia mkono majini, ukae kimya," akajibu kijana. "Ukivuta, anakaza. Ukitulia, anadhani ameshinda, anakuacha."

Mwenzangu alitaka twende tukawatafute viboko. Naelewa, ndivyo vipeperushi vya safari vilivyotufundisha, kwamba maji ya mto bila kiboko ni hasara. Mzee alituonyesha njia ya kiboko, mfereji uliolainishwa kati ya matete, na tope la ukingoni bado lina unyevu. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara tatu, akangoja, akagonga tena. Kiboko, alisema, hapendi kushtukizwa. Ukibisha hodi atahama mwenyewe, na katika kijito chembamba namna hii ni heri kuijua njia yake kuliko kumjua yeye. Tukaendelea kwa njia nyingine. Mwenzangu alinuna kidogo.

Kadiri tulivyosogea ndani ndivyo msitu ulivyobadilika. Mikoko ikawa mirefu lakini michache, matete yakaongezeka, mikindu ikajitokeza. Mzee alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Hapa mto umeshinda," akasema. Nami nikaonja: hayakuwa matamu ya kunywa, lakini chumvi ilikuwa imebaki kwa mbali tu. Muda mfupi baadaye msitu ukakatika ghafla, tukatokea kwenye shamba la mpunga.

Shamba lenyewe lilikuwa na visiki vya mikoko bado vimesimama kati ya mashina ya mpunga, na katikati dungu juu ya nguzo, mwanamke na watoto wawili wamekaa wakipiga kelele kufukuza ndege. Tulisalimiana kwa mbali. Usiku kazi ni nguruwe mwitu, mchana ni ndege, na mpunga ukiwa mchanga ni kaa wanaokata miche. Anayelima hapa ana adui wa kila saa.

Kwa sheria, mikoko yote hii ni hifadhi ya misitu, na kulima ndani yake si ruhusa. Kwenye mikutano ya mjini nimesikia wakulima wa delta wakitajwa kama waharibifu, na visiki nilivyoviona haviwezi kutetewa kwa maneno matamu. Lakini ukisimama pale unaona jambo ambalo kwenye mikutano halisemwi sana. Mpunga hauwezi kuota penye chumvi. Wakulima walifuata maji baridi, na maji baridi yenyewe yalihama: kuanzia mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya mto ilielekea mikono ya kaskazini, ikaiacha ya kusini ikizidiwa na bahari. Mashamba ya kusini yakawa chumvi, ya kaskazini yakafunguka. Na kabla ya hapo, baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilikuwa imewahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya sehemu za juu, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. Mtu aliyehamishwa na maji, akahamishwa na serikali, kisha akahamiwa na mto, utamwambiaje kuwa mahali pake ni hapa na si pale? Kinachonisumbua ni kwamba hata shamba lenyewe halidumu. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa hushinda, mkulima huacha, hukata kipande kingine. Msitu hulipa gharama mara mbili kwa mavuno yasiyoshibisha.

Sasa kuna jambo jipya huko juu. Kilomita nyingi kutoka hapa, kwenye korongo lililoitwa zamani Stiegler's Gorge, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kujaza maji kulianza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024. Umeme tunauhitaji, na mimi ninayeandika haya kwenye kompyuta sina haki ya kujifanya siuhitaji. Ila bwawa halishiki maji peke yake. Hushika pia mchanga na udongo, na delta ni udongo ulioletwa na mto. Usipoletwa mwingine, bahari haiachi kuchukua sehemu yake. Nilimuuliza mzee kama ameona tofauti.

"Aprili 2024 tuliona maji tele," akasema, akikusudia mafuriko yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti mwaka ule. "Mwaka mmoja si ushahidi. Maji ya mto zamani tulikuwa tunayasoma kwa mvua za Iringa. Sasa kuna mtu ana ufunguo. Mwezi naujua, yeye simjui."

Maji yakasimama. Ni muda mfupi, labda robo saa, ambapo jani likianguka linabaki lilipoangukia. Tulifunga vyombo kwenye mzizi, mzee akafunua bakuli: muhogo wa kuchemsha, chukuchuku ya kamba yenye ndimu na pilipili, na mikono yetu yenye tope tuliyoisuuza tu. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka kwenye maji haya, maana vitoto vyao hukulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka baharini. Hao walikuwa wadogo, na watamu mno.

Hapo ndipo nilipouliza habari za manowari. Kila anayekuja Rufiji huuliza. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha humu deltani ikiwa na injini mbovu. Waingereza walifunga milango ya mto kwa miezi, hawakuweza kuingia kwa kina kifupi cha maji, mpaka walipoleta meli mbili za tumbo pana zilizojengwa kwa mito, Severn na Mersey. Julai 11, 1915 Königsberg ikashindwa, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe. Mizinga kumi ikaopolewa, ikaburutwa nchi kavu, ikapigana vita nyingine na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Chuma kingine cha meli hiyo kilikatwa kuuzwa chakavu na kilichobaki kimemezwa na tope.

Vitabu vinasimulia nahodha, ndege za upelelezi na hesabu za mizinga. Mzee alisimulia alichosimuliwa na babu yake: kwamba meli ilivikwa matawi mpaka ikafanana na kisiwa, na matawi yale yakinyauka walitakiwa wanakijiji wakate mengine, kila mara, wapande nayo. Hakuna aliyeandika majina ya waliokata. Ilipozama palikuwa mbali na pale tulipokaa, na sikutaka kwenda. Ungeona maji tu.

"Haya, tunatoka," mzee akasema, akiwa bado anatafuna. Sikuona mabadiliko yoyote. Yeye alikuwa akiangalia povu dogo lililoanza kusogea kando ya mzizi.

Kupwa kuna haraka kuliko kujaa, au ndivyo inavyoonekana ukiwa ndani yake. Vihori tulivyoingilia kwa raha vilikuwa vimeanza kuonyesha kingo. Mzee alitupitisha njia pana zaidi, akieleza bila kugeuka kwamba kihori kikikaukia juu yako utakaa humo mpaka usiku, na mbu wa Rufiji hawana ukarimu. Mara mbili kayaki yangu ilikwaruza tope. Mara moja mwenzangu alikwama kabisa, akasukuma kwa kasia, kasia likazama nusu yake, likagoma kutoka. Mzee alirudi, akaweka pondo chini ya omo la kayaki, akainua kama anayefungua mlango, ikateleza. Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika kwenye mkono mkubwa.

Na hapo ndipo delta ilipochangamka. Kila kipande cha tope kilichojitokeza kilikuwa na mgeni: kaa wadogo wenye gando moja kubwa jekundu wakilipunga, visamaki vinavyotembea matopeni kwa mapezi na kurukia mizizi, yangeyange wakishuka kwa makundi, mdiria akipiga mbizi na kurudi na kitu kinachometa. Furukombe alikuwa juu ya mlilana mkavu, anatutazama kwa dharau ya mwenye nyumba. Mwenzangu aliyekuwa akililia viboko aliacha kupiga kasia kabisa, akaacha maji yambebe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mzee akalazimika kumsubiri.

Saa nane na robo tulikuwa Nyamisati. Boti la Mafia lilikuwa linapakia, magunia, magodoro, mitungi ya gesi, kuku. Kati yetu na nchi kavu palikuwa na hatua nyingi za tope, tukazibeba kayaki begani tukizama mpaka goti huku watoto wakitoa maelekezo yanayopingana. Tukamlipa mzee tulichokubaliana na kidogo juu yake. Akahesabu, akashukuru, akauliza kayaki moja inauzwaje. Mwenzangu akataja bei.

Mzee akaitazama ile ya njano kwa muda. "Hiyo ni injini," akasema, "na chenji ya mafuta inabaki." Kisha akamwambia mwenzangu kwamba kama ana nia ya kuleta wageni, yeye yuko tayari kuwaongoza, ila makasia yawe mafupi, na ampigie mwezi ukiandama ili ampe siku.